Ziba ndiva jioni

Nilipokuwa na miaka tisa nilipewa kazi ya kumfuata babu ndivani kila zamu yetu ilipokaribia. Kwa msomaji asiyetoka Upare, ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima na kuzungushiwa tuta la udongo na mawe. Jioni tundu la kutolea maji linazibwa. Mfereji unaotoka kijitoni unamimina usiku kucha, na alfajiri wenye zamu wanazibua, maji yanashuka kwenye mashamba yao. Ziko nyingi katika milima yetu, Same na Mwanga, na watu wa upande wa Makanya watakutajia haraka ndiva ya Manoo pale Bangalala. Yetu ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini ilituwezesha kula kiangazi.

Siku moja nilimuuliza babu kwa nini tusiyaache maji yatiririke tu, mchana na usiku, mpaka yafike shambani yenyewe. Niliona kuziba na kuzibua ni kujipa kazi. Hakunijibu. Wiki ile, zamu yetu ilipofika, alifungulia maji ya kijito moja kwa moja kwenye mfereji bila kuyapitisha ndivani, akaniambia, "Haya mjukuu wangu, tuyafuate."

Tukayafuata kwa miguu. Ulimi wa maji ulikwenda taratibu ukisukuma majani makavu, na kila hatua ardhi ilikuwa inaunywa. Tulipofika kwenye mkuyu, yalikuwa yamebaki maji ya kujaza kikombe. Baada ya hapo palikuwa na mchanga uliolowa, kisha mchanga mkavu. Shamba letu lilikuwa mbali, chini kabisa. Kesho yake, kwa maji ya kijito kile kile yaliyokusanywa usiku mmoja, tulizibua ndiva. Yalipita pale kwenye mkuyu kwa kishindo hata nikaruka pembeni, na kabla jua halijapanda mahindi yetu yalikuwa yamesimama majini.

Nilikuja kuelewa somo lile nikiwa mtu mzima, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwenye mkuyu ule.

Nilianza kazi mwaka 2012, kutunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara ulikuwa mdogo, na kila nilipopata chochote nilituma nyumbani kwa simu: elfu tano leo, elfu kumi Ijumaa, elfu saba mwisho wa mwezi, na kila mara nilikatwa ada ya kutuma, na mama akakatwa ya kutoa. Mama alishukuru kila mara. Nami nilijiona mtoto mwema, na kweli nia yangu ilikuwa njema. Lakini niliporudi Desemba nilikuta paa la jikoni linavuja pale pale lilipovuja mwaka wa nyuma, mama ameweka sufuria chini ya tundu. Pesa zote zile zilikuwa zimenywewa njiani. Hakuna aliyezila vibaya. Ziliingia kwenye sabuni, sukari, mchango wa jirani, nauli ya kwenda gulioni.

Usiku ule tuliketi na mama mekoni nikamwambia, "Mama, nikikaa miezi sita situmi ila ya dawa, utavumilia?" Alinyamaza kidogo, akasema, "Unataka kuziba ndiva." Alielewa kabla sijamaliza kueleza.

Basi neno langu la kwanza ni hilo. Kidogo chako kizibie mahali, kisha kiachilie kwa mara moja kwenye jambo moja unaloweza kulitaja kwa jina. Mimi niliweka hisa kwenye kikoba cha wanawake wa mtaani kwetu, maana kibubu cha mbao nilikuwa nimeshakivunja mara mbili kabla hakijajaa. Tundu la ndiva lisipozibwa vizuri maji yanapotea usiku mtu amelala, na pesa iliyo karibu na mkono ina tundu kubwa. Gawio lilipotoka nilinunua bati za geji 28 za kutosha jiko na chumba cha mama, na fundi akalipwa siku hiyo hiyo. Jambo moja limekwisha, halirudi tena.

Baadaye niliona hata muda ni hivyo hivyo. Nilipoanza kusomea mitihani ya uhasibu huku nikifanya kazi, nilikuwa nasoma dakika kumi kwenye daladala, robo saa wakati wa chakula cha mchana, kurasa mbili kabla ya usingizi. Nikafeli masomo mawili. Wako watu wanaoweza kusoma hivyo, na ninawaheshimu, lakini kichwa changu ni mchanga mkavu: mwanzo unanywewa kabla wazo halijafika mbali. Nikaacha vipande vile vyote, nikachukua Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne, nikaifanya zamu yangu.

Na Jumamosi hiyo ilikuwa inatengenezwa Ijumaa jioni. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi. Bibi hakulala kabla hajaloweka maharage na mahindi ya makande ya kesho, na hakulala kabla hajafukia makaa kwenye majivu ili asubuhi asihangaike kutafuta moto. Kazi hizo mbili zilimchukua dakika chache tu, lakini ndizo zilizofanya asubuhi ya nyumba nzima iwe nyepesi. Mimi Ijumaa usiku naweka kitabu mezani kimefunguliwa ukurasa ninaoanzia, kalamu juu yake, maji kwenye chupa ya chai, na simu naipeleka chumba kingine. Ukitaka kubadili tabia yako ya asubuhi, usihangaike na asubuhi. Tazama unafanya nini kati ya saa mbili na saa nne usiku.

Kuna pia matope. Kila masika mvua ilileta udongo kutoka juu, na ndiva ikapungua kina hata kama kwa macho ilionekana imejaa. Ndipo likapigwa baragumu jioni, na kesho yake ni msaragambo: kila kaya inatoa mtu na jembe, matope yanatolewa. Asiyekuja analipa faini. Nami mara mbili kwa mwaka nakaa na daftari naandika kila kitu kinachokula pesa na muda wangu, natoa kilichoingia bila kualikwa. Makundi ya simu niliyounganishwa na watu nisiowajua, vifurushi nilivyosahau, kamati za sherehe za watu ambao hatujuliani hali. Michango ya misiba siigusi. Hiyo ni sehemu ya tuta lenyewe.

Sasa niseme lililoniumiza, maana nisipolisema nitakuwa nimekupa ushauri nusu.

Mwaka 2018 nilikuwa nimeshazoea kukusanya. Bibi alikuwa mzee sana, na kila nilipopiga simu kwa mama alimpa azungumze nami, akauliza, "Utakuja lini?" Nilimjibu Desemba, gawio likitoka, nije na blanketi zito, nije na vitenge, nikae wiki mbili. Nilitaka nifike kwa kishindo kama maji yaliyopita kwenye mkuyu. Hata simu nilizipunguza, nikijiambia nitamweleza yote nikifika. Bibi alifariki Oktoba. Blanketi nilikuwa nimeshalinunua, liko kwenye mfuko wake juu ya kabati.

Baada ya arobaini nilimweleza babu jambo hilo tukiwa tumeketi nje. Nilimwambia nilifanya kama alivyonifundisha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza maji ya kunywa tulikuwa tunayatoa wapi.

Chemchemini. Kila siku, kwa ndoo, kichwani, iwe mvua au kiangazi. Hakuna mtu aliyewahi kuteka maji ya kunywa ndivani. Nilibeba ndoo ile miaka yote ya utoto wangu, na bado nikasahau.

Kwa hiyo, unapopanga cha kukusanya, panga kwanza cha chemchemi. Kwangu ni simu ya jioni kwa mama, hata ya dakika mbili na hata kama hakuna habari. Ni salamu kwa jirani mgonjwa leo hii nikiwa mikono mitupu. Ni kula na watoto. Vitu hivi vikikaa siku nyingi vinaharibika, na havihitaji wingi ili vifike.

Mama sasa anaishi chini ya bati zile na amezoea saa yangu, saa moja na nusu jioni. Jana alinisimulia kuwa vuli imechelewa, kijito kimekuwa chembamba, na mtoto wa kaka yangu ndiye anayekwenda kuziba siku hizi. Zamu yetu ni Alhamisi.