Fundi, Nikuulize: Chasisi Haichomelewi

Barua nilizochagua mwezi huu zote ni za pikapu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana inagusa uhai wa watu barabarani.

Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa mawese hapa Mwandiga. Nina Hilux ya zamani, ya kebini moja. Nataka fremu ya chuma juu ya bodi ili nibebe madumu 45 ya lita 20 kwa safari moja kwenda Kasulu. Fundi niliyempata anasema ataweka pleti ya milimita 3 sakafuni, ataongeza sentimita 60 kwa nyuma, na nguzo zote atazichomelea kwenye chasisi ili zisitikisike. Nimpe kazi? — Mama wa mawese

Marahaba mama. Nguzo kuchomelewa kwenye chasisi, hapana. Nyongeza ya nyuma, hapana. Fremu yenyewe, ndiyo, tena itakufaa sana ikitengenezwa sawasawa.

Nianze na uzito, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Mawese ni mepesi kidogo kuliko maji. Dumu la lita 20 lina mafuta ya kama kilo 18, ukiongeza na dumu lenyewe unakaribia kilo 19. Madumu 45 ni kilo 855. Sasa hesabu chuma. Pleti ya milimita 3 ina kilo 23 na nusu kwa kila mita ya mraba. Kwa sakafu ya pikapu yako ni karibu kilo 80. Bomba la mraba la 40 kwa 40, unene milimita 2, lina kilo 2.3 hivi kwa mita, na fremu itakula mabomba 5 ya mita 6, yaani kilo 70. Jumla 150. Hayo ni madumu manane ambayo gari litayabeba kwenda na kurudi kila siku bila kukuingizia hata shilingi. Kabla ya kitu chochote, fungua mlango wa gari au angalia kitabu chake, usome uzito linaoruhusiwa kubeba, kisha toa humo dereva, mpakiaji na fremu. Kinachobaki ndicho cha mawese. Kama kinatosha madumu 38, basi ni 38.

Pleti usiweke kabisa. Sakafu ya kiwandani ipo. Ipigie mbao za kulaza madumu, zibadilishwe zikichakaa.

Nyongeza ya nyuma ni hatari kuliko inavyoonekana gari likiwa limesimama. Tuseme kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.85. Ukiweka kilo 100 mita 1.2 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma haibebi 100, inabeba 142, na hizo 42 za ziada zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Ni mambo ya mzani wa sokoni. Dereva atasikia usukani umekuwa mwepesi, na kwenye tope la masika gari litakataa kukata kona. Mzigo wako ukae mbele ya ekseli ya nyuma, mzito chini, umesukumwa hadi kwenye ukuta wa kebini.

Sasa chasisi. Hapa nina jambo la kuungama.

Miaka ile Kigoma ikiwashwa na majenereta, umeme ukija na kuondoka, mteja mmoja wa dagaa aliniletea pikapu yake. Nilimchomelea miguu minne ya fremu juu ya chasisi. Mstari wa weldi ulilala vizuri, magamba yake yamepangana kama ya samaki, na nilijivunia. Baada ya miezi kadhaa akarudi akilalamika kwamba geti la nyuma halifungi. Niliingia chini ya gari na tochi. Pale juu ya springi ya nyuma, pembezoni kabisa mwa weldi yangu, palikuwa na mstari wa vumbi jekundu, mwembamba kama unywele. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikapaka mafuta ya taa, nikayafuta hadi pakauka, kisha nikapaka chaki nyeupe. Nikasubiri. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kurudi juu, yakachora mstari mweusi kwenye chaki, ukashuka, ukashuka, hadi nusu ya ubavu wa chasisi. Mtu huyu alikuwa akisafiri na watoto wake kwenye gari hilo. Gharama ya kulirekebisha nililipa mimi, na tangu siku hiyo sijachomelea mguu wa fremu juu ya chasisi ya mtu.

Sababu ni hii. Chasisi imetengenezwa ijipinde kidogo na irudi. Inapojipinda, kazi kubwa inafanywa na ukingo wa juu na ukingo wa chini. Katikati ya ubavu panafanya kazi ndogo. Ukichomelea ukingoni, unabadilisha chuma kwa moto hapohapo kinapovutwa zaidi, na mwisho wa weldi unakuwa kama mkato wa msumeno. Kila shimo la barabarani linaufungua kidogo. Fundi wako ana nia njema anaposema nguzo zisitikisike, lakini anachokiondoa ni ule unyumbufu unaoiokoa chasisi.

Mwambie afanye hivi. Bodi ya pikapu imeshikwa na bolti kwenye chasisi, mahali pake pameimarishwa tangu kiwandani. Fremu isimame juu ya miguu yenye pleti pana, ishikwe na bolti hizohizo za bodi, zikibadilishwa ziwe ndefu kiasi kinachohitajika. Kama kuna raba katikati, weka mpya. Bolti ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani, ndiyo alama ya uimara wake, zisizo na maandishi za kwenye ndoo ya duka mwachie anayefunga banda la kuku. Nati ziwe za kujifunga. Baada ya safari ya kwanza ya Kasulu akaze tena, maana zitalegea. Kazi yote ya kuchomelea ifanyike fremu ikiwa chini, karakana, mbali na gari. Aidonoe kwanza kila pembe, yaani aishike kwa nukta ndogo za weldi, apime mshazari kwa mshazari, na vipimo vikilingana ndipo amalize. Juu isizidi paa la kebini.

Akikataa, mtafute mwingine, mama.

Habari za kazi, mzee. Mimi ni kijana wa Ujiji, nimenunua mashine ndogo ya kuchomelea na nimeanza na geti la pikapu yetu. Nilichomelea likiwa bado kwenye gari. Usiku macho yaliniuma kama yametiwa mchanga, na sasa taa ya betri haizimiki hata injini ikiwa imewaka. Pia kwenye mabomba ya mabati nilikohoa nikapata homa, ingawa nilikunywa maziwa kabla. — Kijana, Ujiji

Njema, mwanangu, na pole. Umepata ajali tatu katika kazi moja.

Macho kwanza. Mwanga wa weldi unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, ila maumivu huja baada ya saa kadhaa, ndiyo maana ulilala mzima ukaamka usiku unalia. Miwani ya jua haizuii. Nunua kofia au ngao yenye kioo namba 10, na usiwashe rodi hata mara moja, hata ya kudonoa tu, kabla hujafunika uso. Watoto wanaosimama kutazama waondoe. Macho yao nao yataungua. Kama maumivu hayajaisha kesho yake, nenda hospitali, na usikubali mtu akutie kitu cha kienyeji machoni.

Homa ile ni ya zinki. Mabati yamepakwa zinki, nayo huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma chenyewe kinayeyuka karibu na 1,500. Kwa hiyo kabla chuma hakijashikana, zinki imeshakuwa moshi mweupe na umeuvuta. Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda mapafuni. Hayakutani. Sugua zinki kwa grenda hadi chuma kionekane, upana wa vidole viwili kila upande wa kiungo, ukiwa umevaa barakoa nzuri ya vumbi. Kisha chomelea nje, upepo ukitokea ubavuni.

Taa ya betri: yaelekea umeunguza diodi za altaneta, ile inayochaji betri. Mpelekee fundi umeme aipime. Siku nyingine ondoa geti, bolti zake ni chache tu. Ikilazimu kuchomelea kwenye gari, chomoa waya hasi wa betri, na gari lenye kompyuta chomoa na soketi zake. Klempu ya ethi, kibanio cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine, iume chuma kisafi karibu kabisa na unapochomelea. Ukiibana mbali, umeme utatafuta njia yake mwenyewe, ukipita kwenye beringi na nyaya. Kwa bomba la milimita 2, rodi ya milimita 2.5 aina ya 6013 na ampea 70 hivi zinatosha. Zoeza mkono kwenye vipande vya kutupa kabla hujarudi kwenye geti.

Fundi, nabeba chumvi ya Uvinza na bodi inaliwa na kutu. Nimebandika bati juu ya matundu lakini kutu imetokea upande wa pili. Sasa nimepata pipa la petroli tupu, nataka kulikata nipate bati nene. — Dereva, Uvinza

Ndugu yangu, chumvi inavuta unyevu hewani, na maji ya chumvi yanaharakisha kutu. Ukibandika bati juu ya bati bovu, umejenga mfuko wa chumvi katikati. Kata kilichooza chote hadi ufike kwenye chuma kinacholia kikigongwa, osha kwa maji mengi, kausha, chomelea kiraka ukingo kwa ukingo, mstari usiwe na nafasi, kisha redi oksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na rangi juu yake. Toboa matundu ya kutolea maji kwenye pembe za chini, na chumvi ibebe juu ya turubai. Kila jioni ya safari, mwagia maji chini ya bodi.

Bolti zako zipake grisi, wala usiione kazi ndogo. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande, ikaungwa hapa Kigoma kwa ribiti, pini za chuma za kugongelea, na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi wao walikwisha kupaka injini grisi nzito. Ilipoibuliwa 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, nakubali. Wewe mwenye chumvi unahitaji grisi zaidi.

Kuhusu pipa, nakusihi. Pipa tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Cheche moja ya grenda inatosha kulilipua mikononi mwako. Hata likikaa wazi juani wiki nzima, petroli iliyobaki kwenye mikunjo ya mdomo na kitako hutoa mvuke tena likipata joto. Bati la milimita 1.2 nusu shiti litamaliza viraka vyote vya bodi yako. Pipa lirudishe kwa aliyekuuzia, likiwa zima.