Kwa binti yangu aliyekaa mbele ya ukurasa mweupe

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema una picha zaidi ya arobaini za mwaka wa kwanza wa mjukuu wangu, umenunua albamu, gundi na mkasi unaokata mawimbi, na kila usiku mtoto akishalala unakaa mezani kuutazama ukurasa mweupe hadi usingizi unakuchukua. Ukauliza: "Mama, wewe mawazo unayatoa wapi?" Ukaongeza kwamba kurasa za watu wengine umezitazama mpaka macho yanauma, na kila ukitazama ndivyo unavyozidi kukata tamaa.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndipo ulipokwama. Umetafuta mbali mno. Ukurasa wa mwenzako ulipendeza kwa sababu ulikatwa kwa kipimo cha picha zake; ukiuvika picha zako, unapwaya. Mimi huanza na picha yenyewe. Naiweka mezani peke yake, nyingine zote nazirudisha kwenye bahasha, kisha naikodolea macho kana kwamba aliyemo simjui.

Chukua ile ya beseni. Mtoto ameketi majini, mkono mmoja juu, matone yametapakaa hewani, macho yanatazama kulia, nadhani kwako. Hapo umeshapewa karibu kila kitu. Beseni ni la bluu iliyofifia: hiyo ndiyo rangi ya ukurasa, usitafute nyingine, labda chembe tu ya njano ya lile taulo linalochungulia pembeni. Beseni ni la duara: basi kata maduara. Zungusha penseli kwenye mdomo wa glasi upate moja kubwa, kwenye kifuniko cha chupa upate mawili madogo, uyapandishe juu kama matone yanavyoruka. Na kwa kuwa anatazama kulia, picha ikae kushoto, ili atazame ndani ya ukurasa. Ukimweka upande wa kulia atakuwa anatazama nje, na kila atakayefungua albamu atayafuata macho yake na kutoka naye. Pale anapotazama ndipo pa kuandika maneno.

Na maneno yenyewe, tafadhali, yasiwe "Furaha ya mtoto". Andika yaliyotokea: kwamba alikulowesha mpaka kichwani, mkaishia kuoga wawili. Uliponisimulia nilicheka hadi machozi. Picha haiwezi kulisema hilo, na mwanao akiwa mtu mzima hatakuwa na pa kulipata ila kwenye mwandiko wako. Andika kwa mkono, hata kama unaona mwandiko wako haupendezi.

Kuna mwanamke mmoja wa Uingereza ninayempenda sana, Mary Delany. Mwaka 1772, akiwa mjane wa miaka 72, inasimuliwa kwamba aliona kipande cha karatasi nyekundu kinafanana rangi na petali la ua lililokuwa karibu naye. Akachukua mkasi. Kwa miaka kumi iliyofuata alitengeneza karibu maua 1,000 kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya karatasi nyeusi, petali kwa petali, mshipa kwa mshipa, mpaka macho yalipomshinda. Maua hayo yamehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ninachokipenda katika habari zake ni kwamba hakutoka kwenda kutafuta wazo. Karatasi na ua vilikuwa mbele yake, naye akavitazama pamoja.

Ndiyo maana nina lile boksi la viatu ulilokuwa ukilipekua utotoni. Vibaki vya kitambaa, karatasi za zawadi, vifungo, tiketi, na bahasha, maana ndani yake mara nyingine kuna michoro mizuri kuliko nje. Sitafuti kitu maalumu ninapolifungua. Naweka vipande viwili vitatu kando ya picha, nangoja kimoja kiitikie. Kisipoitikia, nalifunga nikalale.

Jambo jingine: unawahi mno kushika gundi. Mchoraji Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941, alikuwa akifanya kazi kitandani na kwenye kiti cha magurudumu. Wasaidizi walimpakia karatasi rangi, yeye akakata maumbo, nayo yakapachikwa ukutani kwa pini ili yaweze kuhamishwa tena na tena. Fanya hivyohivyo. Panga, uache mezani usiku kucha, asubuhi upite ukitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu. Kinachokukera utakiona mara moja. Mara nyingi ni kitu kimoja cha kuondoa, mara chache sana ni cha kuongeza.

Kadi ni rahisi zaidi, kwa sababu ina mtu mmoja. Yule rafiki yako anayeuguzwa, ambaye unasema maua yamekwisha kuzoeleka, ni mfumaji, sivyo? Kata karatasi ngumu ya A4 katikati, kila nusu ikikunjwa inakuwa kadi inayoingia bahasha ndogo ya kipimo cha C6. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino kandokando ya rula, mkunjo utanyooka bila kupasuka. Kisha chora sindano mbili tu za kufumia, utoboe tundu dogo, upitishe uzi halisi wa sufu kutoka kwenye sindano hadi ndani ya kadi, uishie pale unapoanza kumwandikia. Akifungua, kidole chake kitaufuata ule uzi.

Kuhusu vifaa nitasema moja, kwa uchungu. Albamu niliyokuwekea picha zako ilikuwa ya zile kurasa zenye gundi na plastiki juu. Leo kingo zimegeuka njano, na ile yako ya meno mawili ilichanika nilipoivuta. Baadaye ndipo nilipojifunza kupitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama msumeno, hadi iachie. Wewe nunua karatasi na gundi zilizoandikwa kwamba hazina asidi, mifuko ya picha isiyo ya ile plastiki iitwayo PVC, na picha ambayo huna nakala yake uishike kwa vipembe vya karatasi, vile vya kuchomekea pembe za picha, badala ya kuibandika. Kipande cha gazeti usikiweke kigusane na picha. Kitolee nakala kwenye karatasi nzuri, maana gazeti hugeuka njano na asidi yake huhamia kwenye jirani.

Nimekutilia humu kipande cha karatasi ya bluu kutoka bokisini. Kiweke kando ya lile beseni uone kama rangi zinaelewana. Ukishapanga, nitumie picha kabla hujabandika, na uniambie maneno uliyoandika pale anapotazama.

Mbusu mjukuu wangu kwenye ule mkono ulioinuka.

Mama yako