Mama mdogo wangu alikuwa Mkristo, sikumzika. Nilikosea?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mama mdogo, ambaye alikuwa Mkristo hadi mwisho wa uhai wake. Hakuwahi kunizuia kuswali. Ramadhani yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha kula daku. Miezi miwili iliyopita amefariki. Ndugu wawili wa msikitini waliniambia kwamba Muislamu akiingia kanisani au akifuata jeneza la asiyekuwa Muislamu ametoka katika dini. Niliogopa. Nilisimama barabarani, ng'ambo ya lango, hadi watu walipoondoka kwenda makaburini, kisha nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo mwanawe mkubwa, ambaye ni dada yangu, haitikii salamu yangu. Linaloniuma zaidi ni hili: baba yangu alipofariki, mama mdogo alikuja, akajifunika kichwa, akakesha na wanawake, na jeneza lilipokuwa likiswaliwa alisimama kando, kimya. Je, nilifanya sawa? Naruhusiwa kumuombea? Na sasa nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba wake.

Ndugu yangu, kabla ya hukumu yoyote, pole kwa msiba. Katika yote uliyoandika sikuona mahali ambapo mtu alikupa pole, na wewe ni mfiwa kama walivyo wanawe.

Ulichoambiwa si sahihi. Hakuna mwanazuoni wa kutegemewa anayesema kwamba kumsindikiza jamaa asiyekuwa Muislamu kunamtoa mtu katika Uislamu. Wapo waliochukia, wapo walioweka masharti, na nitayataja. Lakini kumtoa mtu katika dini ni neno zito mno kurushwa mlangoni mwa msikiti. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mtu akimwita ndugu yake kafiri, neno hilo litamrudia mmoja wao. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa Hadithi, na wale ndugu wawili wangeikumbuka kabla ya kumtisha mtu aliyetoka kufiwa.

Nianze na mama mdogo mwenyewe, kwa sababu naona hata wewe unamtaja kama mtu wa pembeni. Mwaka wa 7 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiondoka Makka baada ya Umra, binti wa Hamza, ambaye baba yake aliuawa Uhud, alimkimbilia nyuma akiita, "Ewe ami! Ewe ami!" Ali akamshika mkono. Kisha watu watatu wakagombania kumlea: Ali, Zayd na Ja'far, kila mmoja na hoja yake. Ja'far alisema, "Ni binti wa ami yangu, na mke wangu ni dada wa mama yake." Mtume (s.a.w.) akaamua mtoto aende kwa huyo dada wa mama yake, akasema, "Mama mdogo yuko katika daraja ya mama." Imo katika Bukhari. Kwa hiyo usiniulize habari za jirani au mtu wa mbali. Aliyekuamsha daku ukiwa yatima alikuwa katika daraja ya mama, na haki yake tuipime hapo.

Je, haki hiyo inaanguka kwa kuwa hakuwa Muislamu? Swali hili aliliuliza mtu mkubwa kuliko mimi na wewe. Asma binti Abubakar alijiwa Madina na mama yake, wakati wa mkataba wa Hudaybiya, yaani suluhu baina ya Waislamu na Makureshi wa Makka, na mama huyo alikuwa bado mshirikina. Hakuwa hata katika Watu wa Kitabu. Asma akasita, akaenda kwa Mtume (s.a.w.): "Mama yangu amenijia, naye ana haja kwangu. Je, nimuunge?" Akajibiwa, "Ndiyo, muunge mama yako." Sufyan bin Uyayna, mmoja wa wapokezi wa hadithi hii, alisema kwamba katika habari hiyo ndipo Allah alipoteremsha aya ya 8 ya Suratul Mumtahina: Allah hakukatazeni kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakupigana nanyi kwa sababu ya dini wala hawakukutoeni majumbani mwenu, hakika Allah anawapenda waadilifu.

Hapa naomba tutulie kidogo. Siku hizi tunapozungumzia watu wa dini mbalimbali wanaoishi pamoja tunapenda neno "kuvumiliana". Si neno baya, lakini tulisikilize. Tunavumilia njaa. Tunavumilia jua kali, maumivu ya jino, safari ndefu. Anayevumiliwa ni mzigo. Allah angetaka tuwavumilie tu wenzetu, lugha ya Kiarabu haina upungufu wa maneno ya subira. Neno lililoteremshwa ni la birr, na birr ndilo neno lile lile tunalolitumia tunaposema birrul walidayn, wema kwa wazazi. Yaani asiyekuwa wa dini yako, maadamu hajakupiga vita wala hajakufukuza kwako, unafunguliwa kumtendea kwa aina ile ile ya wema unayomtendea mzazi. Basi itakuwaje anapokuwa ndiye aliyekulea?

Aya inayofuata, ya 9, ndiyo inayoweka mpaka: kinachokatazwa ni kuwafanya vipenzi wale waliotupiga vita kwa ajili ya dini, wakatutoa majumbani mwetu au wakasaidia kututoa. Wanaokusomea aya za kukataza bila kukusomea hizi mbili wamekupa nusu ya dini, na wewe kwa nusu hiyo ukasimama barabarani.

Sasa jeneza. Sahl bin Hunayf na Qays bin Sa'd Maswahaba wawili, walikuwa wamekaa Qadisiya, huko Iraq, jeneza likapita, wakasimama. Wakaambiwa kwamba huyo si Muislamu, ni katika watu wa nchi ile. Wakasema: jeneza lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.) akasimama, akaambiwa ni la Myahudi, naye akasema, "Je, si nafsi?" Wameipokea Bukhari na Muslim. Wanazuoni wametofautiana kama kusimama jeneza linapopita kumebaki kuwa sunna au kuliachwa baadaye, na mjadala huo hautuhusu leo. Nakuomba ulitazame lile swali lenyewe. Mtume (s.a.w.) hakuanza kueleza sera wala kuomba radhi kwa kusimama. Aliuliza kwa mshangao, kana kwamba waliomwambia ndio waliosahau jambo.

Na Abu Talib alipofariki bila kusilimu, Ali alikwenda kumpa Mtume (s.a.w.) habari, naye akamwambia, "Nenda ukamfukie baba yako." Imepokewa na Abu Dawud na Nasai. Imepokewa pia kutoka kwa Sha'bi, katika Tabiina, kizazi kilichowafuata Maswahaba, kwamba mama yake Al-Harith bin Abi Rabi'a alifariki akiwa Mkristo, na Maswahaba wa Mtume (s.a.w.) wakahudhuria jeneza lake. Na Imamu Nawawi ameeleza kwamba katika madhehebu ya Shafii si makuruhu, yaani si jambo linalochukiza, kwa Muislamu kufuata jeneza la jamaa yake asiyekuwa Muislamu. Wako maimamu wengine waliokuwa wakali zaidi, hasa katika suala la kumzika, na siwavunjii heshima. Lakini mimi sioni shaka kwamba ulikuwa na ruhusa ya kwenda, kushika jeneza, kusimama kaburini na kutia udongo kwa mkono wako.

Kuhusu kanisani, mambo mawili yasichanganywe. Kuingia katika jengo ni jambo moja, na kushiriki ibada ni jambo jingine. Umar alisema kwamba haingii makanisani mwao kwa sababu ya picha na sanamu, na Ibn Abbas alikuwa akiswali ndani ya kanisa lisilokuwa na sanamu. Kauli zote mbili amezitaja Bukhari katika mlango mmoja, na mimi hupenda kumwonyesha hapo mtu anayedhani Maswahaba walikuwa na kauli moja katika kila kitu. Kilicho wazi kwa wote ni kwamba Muislamu haimbi nyimbo zao za ibada, hapigi ishara ya msalaba, hapokei komunyo, haitikii amina katika dua ya itikadi isiyokuwa yake. Ukikaa nyuma kimya, au ukingoja uani hadi ibada imalizike kisha ukaungana nao kuelekea makaburini, dini yako imesalimika na wafiwa wamekuona. Moyo ukisita, chagua uani. Lakini uani, ndugu yangu, ndani ya lango, mahali ambapo dada yako akitoka anaona uso wako.

Na huu si utaratibu mpya niliokubunia. Mama mdogo wako alikwisha kukuonyesha. Alikuja kwenye msiba wa baba yako, akajifunika kichwa kwa kuheshimu nyumba aliyoingia, akakesha na wafiwa, na watu walipopanga safu za swala ya jeneza hakujiunga wala hakuondoka. Alisimama kando. Hakupunguza Ukristo wake hata chembe, na hakuna aliyetilia shaka mapenzi yake. Sijui kama aliwahi kufundishwa hayo na mtu yeyote, au ni adabu ya moyo wake tu, lakini ningeandika kurasa kumi za fiq'hi nisingeipita picha hiyo.

Sasa lile zito, na sitakudanganya ili nikufurahishe. Kumuombea msamaha na rehema baada ya kufa asiyekuwa Muislamu hakuruhusiwi. Aya ya 113 ya Suratut Tawba iko wazi, hata kama ni jamaa wa karibu. Najua inauma. Ilimuuma aliye bora kuliko sisi. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (s.a.w.) alizuru kaburi la mama yake, akalia, na waliokuwa pembeni yake wakalia kwa kilio chake. Akasema kwamba alimwomba Mola wake ruhusa ya kumuombea msamaha, hakuruhusiwa. Akaomba ruhusa ya kulizuru kaburi lake, akaruhusiwa. Ndani ya hadithi hiyo moja mpaka upo, machozi yapo, na safari ya kwenda kaburini ipo. Hukuombwa ukaushe macho ndipo uwe Muislamu. Wala hukupewa kazi ya kutangaza mwisho wake mbele ya wanawe. Hesabu ya kila nafsi iko kwa aliyeiumba, naye hamdhulumu mtu.

Kwa hiyo nenda kaburini kwake. Huhitaji kusoma chochote. Simama, ukumbuke alivyokuwa akikuamsha, ukumbuke na mauti yako, ulie ukijaliwa kulia.

Kisha kuna dada yako. Naomba umwelewe. Yeye hakusoma madhehebu wala tofauti za maimamu. Alichokiona ni mtoto aliyelelewa na mama yake akisimama ng'ambo ya barabara kama mpita njia, na akaambiwa hiyo ndiyo dini yake. Siku ile alijifunza jambo kuhusu Uislamu, na alilojifunza si kweli. Ukimrudia hutakuwa unapatanisha watu wawili tu. Unamwondolea dini ya Allah dhana mbaya uliyoisababisha, ijapokuwa bila ya kukusudia.

Usiende na hoja wala usimsomee haya niliyokuandikia. Nenda umwambie, "Dada, niliogopa, nilikosea, nisamehe." Mpe pole ambayo hukumpa: Mungu akupe subira, akufidie kwa lililo bora. Wanazuoni wetu wametaja siku tatu za kutoa pole, ili majonzi yasihuishwe upya, lakini wamemvua katika hilo aliyekuwa hayupo. Nawe, kwa ulivyosimama nje ya lango, kwangu ni kama hukuwepo. Wakikukaribisha chakula, kula kilicho halali bila wasiwasi.

Na usiishie siku hiyo moja. Abdullah bin Umar alikuwa njiani kwenda Makka akakutana na bedui mmoja. Akamsalimu, akampandisha punda wake mwenyewe, akavua kilemba kichwani mwake akampa. Wenzake wakasema hawa mabedui huridhika na kidogo tu. Akawajibu kwamba baba wa mtu huyo alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema wema ulio bora ni mtu kuwaunga watu aliowapenda baba yake. Ikiwa mtoto wa rafiki wa baba anavuliwa kilemba, watoto wa mama mdogo wana kiasi gani kwako? Mmoja wao akiugua, mtembelee. Kukiwa na ada ya shule inayopungua, changia. Wakigombana, patanisha. Hayo yote mlango wake uko wazi, na hakuna aya iliyoufunga.

Huenda dada yako asikufungulie mara ya kwanza. Miezi miwili ni mingi kwa mtu aliyetazama kaburi la mama yake akakukosa. Basi acha salamu kwa mtoto au kwa jirani, uondoke kwa adabu, urudi wiki inayofuata. Na siku atakapokufungua, mwombe mwende kaburini pamoja. Yeye aombe kwa dini yake, wewe usimame kando kimya, kama mama yenu alivyosimama kwa baba yako.

Wallahu a'lam.