Umechaguliwa kamati ya shule? Usisaini usichokiona

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, wazazi wamenichagua niwe mjumbe wa kamati ya shule ya msingi hapa mtaani. Mimi si mwalimu, sina cheo chochote, na kikao ni mwezi ujao. Nifanye nini nisiwe wa kukaa tu na kuitikia?" Nilimjibu kwa mistari michache, halafu nikaona sijamtendea haki. Wengi mnaopita hapa mnatamani anachotamani yeye: shule ya serikali iliyo jirani iwe shule ya kumpeleka mtoto kwa moyo mmoja, bila kuwaza kila mwaka namna ya kumhamisha. Basi ngoja niseme kwa kirefu, maana mimi nimekaa kwenye kamati kipindi kizima, na yaliyonipata bado ninayo moyoni.

Kutokuwa mwalimu si kasoro. Kamati haikuwekwa ili ifundishe. Hapa Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ndiyo msingi wa kamati za shule za msingi na bodi za shule za sekondari, na kwenye kamati mwalimu mkuu ndiye katibu. Yeye anaendesha shule kila siku. Wewe unasimamia kwa niaba ya wazazi. Hupangi ratiba ya vipindi, wala huingii darasani kumkosoa mwalimu mbele ya watoto. Nimemwona mjumbe akifanya hivyo, na mwalimu yule hakutuamini tena mpaka alipohama. Unachotakiwa kujua ni fedha gani imeingia, imefanya nini, majengo yako katika hali gani, watoto wanahudhuria au wanazurura, na walimu wamekwama wapi.

Fedha ndipo wengi tunapoogopa, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Tangu Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoanza kutekelezwa na ada kuondolewa mpaka kidato cha nne, ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Katika kipindi changu, hesabu ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizoshuka shuleni. Shule yenye watoto 600 ilipata 3,600,000 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Laki tatu hiyo ndiyo ilikuwa chaki, ndiyo karatasi za majaribio, ndiyo bawaba za mlango, ndiyo mpira wa michezo.

Ukiishika namba hiyo hudanganywi, na pia humwonei mtu. Wazazi wetu wakisikia elimu bila malipo hudhani shule imejaa pesa, na kioo cha dirisha kikikaa miezi bila kurudishwa, mwalimu mkuu anaitwa mwizi. Nilisimama kwenye mkutano wa wazazi nikasoma mapato na matumizi mstari kwa mstari, kwa sauti, na kelele zikatulia. Ndipo tukaweza kuzungumzia uji. Mwenye mahindi alete mahindi, mwenye kuni alete kuni, asiye na kitu aje achote maji, na mtoto wa aliyeshindwa asinyimwe kikombe. Hilo la mwisho nililipigania sana. Mchango wa hiari ni wa hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mfuko wa mzazi wake.

Sasa nije kwenye kusaini. Mapema kabisa katika kipindi changu cha kamati, kikao kimoja kilikaribia kufungwa, ikazungushwa karatasi ya matumizi ili tutie saini. Nikasema, "Mwenyekiti, naomba kuona taarifa ya benki na stakabadhi kabla sijasaini." Mjumbe wa pembeni akanikanyaga mguu chini ya dawati. Wengine wakaangalia saa. Lakini taarifa ililetwa, tukaipitia, na haikuwa na tatizo lolote. Mwalimu mkuu mwenyewe aliniambia baadaye kwamba amefurahi, kwa sababu sasa kuna watu wanaoweza kumtetea. Toka siku hiyo nakala ya mapato na matumizi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, nje, mahali ambapo hata bibi aliyemsindikiza mjukuu anaisoma. Hilo naliona fahari mpaka leo.

Yaliyoniumiza yalikuja na ujenzi. Tulipata fedha za madarasa mawili kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule yenyewe inatafuta fundi na kununua vifaa, na zinaundwa kamati ndogo za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Niliwekwa mapokezi. Gari likaleta nondo jioni, karatasi inasema ni za milimita 12, dereva ana haraka, kila mtu anataka tusaini aondoke. Mimi nauza nafaka. Uzito ndio maisha yangu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito unaozidi kilo 10 na nusu. Ya milimita 10 kwa urefu huohuo haifiki kilo 8. Nikatuma mtu dukani kwangu akalete mizani ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye tawi la mwembe, tukapima moja baada ya nyingine. Sehemu kubwa ya mzigo ilisoma saba na kitu. Tuliukataa. Baada ya siku kadhaa ukaja mzigo sahihi, na madarasa yale yamesimama, watoto wanasoma ndani yake.

Lakini maneno yalianza usiku uleule. Nilisemwa kwamba nachelewesha maendeleo, kwamba najifanya injinia, kwamba natafuta udiwani. Watu niliokunywa nao chai miaka mingi walipita dukani kwangu kama hawanioni. Uchaguzi wa kamati ulipofika, jina langu halikutajwa na yeyote, hata na wazazi ambao watoto wao wanakaa kwenye madarasa yale. Iliniuma, na sitasema imeacha kuuma.

Ndugu msomaji, hata hivyo nakuambia kaa na uulize. Usisaini usichokiona. Ukiambiwa fedha imeingia, ona taarifa ya benki. Ukiambiwa madawati yametengenezwa, yakalie. Ukiambiwa walimu ni watoro, pitia kitabu cha mahudhurio na umsikilize mwalimu mwenyewe, maana wakati mwingine utakuta anatembea saa nzima kuja kazini kwa kukosa nyumba, na hapo kazi yako inageuka kuwa kumtafutia chumba cha kupanga jirani. Kusimamia na kusaidia vinakwenda pamoja. Mjumbe anayekagua bila kusaidia huchukiwa kwa haki. Na anayesaidia bila kukagua huishia kutumiwa. Uliza kwa heshima, uliza mbele ya kikao na si kwenye kijiwe, na hakikisha swali lako limeandikwa kwenye muhtasari pamoja na jibu lake. Hatuna haki ya kulalamika mitaani kuhusu shule ambazo tumepewa nafasi ya kuzisimamia tukakaa kimya.

Kuhusu kikao chako cha mwezi ujao: usiende mikono mitupu. Pita shuleni siku moja, mwombe mwalimu mkuu ruhusa, uhesabu matundu ya vyoo yanayotumika kweli, yasiyojaa na yenye mlango. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Chukua idadi ya wanafunzi, gawanya, andika upungufu kwenye daftari, na uombe uingizwe kwenye agenda za kikao kabla ya mengineyo.