Spika za milangoni kwenye IST: kabla hujanunua za wati 1000 soma hapa kwanza

Mkuu nimesoma swali lako. Una Toyota IST ya 2004, spika za milango ya mbele zinakwaruza ukiongeza sauti kidogo tu, mwenye duka kakwambia dawa ni spika za wati 1000 na sabufa juu yake, na wewe unataka kujua kama ukibadilisha spika tu, redio ikabaki hiyohiyo, utapata muziki wa maana. Utapata, tena vizuri tu, ila usimalizie hela yote kwenye spika. Nimeshafungua milango ya gari langu, za ndugu na za majirani hapa Dodoma, Kisasa mpaka Ilazo, na kila ninapofungua naona jambo lilelile, spika nzuri iliyofungwa vibaya inapitwa na spika ya kawaida iliyofungwa vizuri. Ntaandika kwa urefu maana watu wanapoteza hela sana kwenye hili.

Kwanza hakikisha spika ndo mbovu kweli. Nenda kwenye redio, tumia balansi (kushoto na kulia) na feda (mbele na nyuma) kupeleka sauti kwenye spika moja moja, utajua ni ipi inakwaruza. Afu fungua na kufunga mlango taratibu muziki ukiwa unapiga, kama sauti inakatika na kurudi basi angalia waya zinazopita kwenye ule mpira kati ya mlango na bodi, zile zinakunjwa kila ukifungua mlango na kwa gari ya miaka ishirini zinaweza kukatika ndani huku juu zinaonekana nzima. Ukishatoa spika ibonyeze karatasi yake polepole kwa vidole vya pande mbili, ukisikia mchanga unasaga basi koili, yaani ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inagusa sumaku, hiyo kwaheri. Na ukiwa na mita, spika ya ohmu 4 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikiwa nzima itasoma kama 3 na nusu hivi, isiposoma kitu kabisa koili imekatika.

Kwenye gari yako mimi naamini ni spika kweli. Hizi IST za kwanza zimetengenezwa 2002 mpaka 2007, spika zake ni karatasi nyepesi na sumaku ndogo, zimekaa Japani miaka yake, zimekuja huku zikakutana na jua letu la Oktoba na Novemba gari ikiwa imepaki wazi kutwa nzima, na vumbi hili jekundu la Dodoma ambalo halina mlango linaoshindwa kuingia. Kama ringi inayoshika karatasi pembeni ni ya sponji inapukutika ukiigusa, karatasi nayo inakakamaa. Hapo hakuna fundi wa kukutengenezea, badilisha tu.

Sasa hiyo wati 1000. Mkuu namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi ni ile spika inaweza kuvumilia kwa nukta moja, tena ikiwa mtengenezaji ni mkweli. Namba ya kuangalia ni ile wanaiita RMS, yaani mzigo ambao spika inabeba muda wote bila kuungua. Na hata hiyo haikusaidii sana kama redio yako haina nguvu, maana redio ya kiwandani inatoa wati kumi na kitu mpaka ishirini hivi kwa kila spika, na hata zile redio za dukani zimeandikwa 50 mara 4, kwa matumizi halisi zinakupa ishirini na kidogo. Spika haitengenezi nguvu, inapokea inachopewa. Kwahiyo unachotakiwa kutafuta ni spika inayosikika kubwa kwa umeme mdogo, na hilo linaandikwa kwa desibeli (dB) kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi, kitu kama dB 88, 90, 92. Hapa usipite haraka. Tofauti ya dB 3 tu ni sawa na kuzidisha nguvu ya redio mara mbili, yaani spika ya dB 91 ikipewa wati 10 inasikika sawa na ya dB 88 iliyopewa wati 20. Ndo maana unakuta mtu ananunua spika nzito, sumaku kubwa, bei kubwa, anafunga kwenye redio ya kiwandani halafu analalamika sauti imepungua kuliko zile za mwanzo. Hajaibiwa, zile za kiwandani zilikuwa nyepesi, zinasukumwa na umeme mdogo, na hizo mpya zinataka amplifaya, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya redio. Wewe usiye na amplifaya tafuta dB 90 na kuendelea, RMS 40 mpaka 60 inakutosha kabisa. Na ohmu iwe 4, kuna kampuni zinatengeneza za 3 au 2, redio ya zamani itachemka.

Kuhusu aina, kuna zile ambazo twita, yaani kispika kidogo cha sauti nyembamba, imekaa katikati ya spika, na kuna zile ambazo twita inakuja peke yake na kiboksi chake cha kugawa sauti. Hizi za pili ni nzuri zaidi kwasababu spika ya mlangoni inapiga kwenye goti lako, ukiweka twita juu kwenye kona ya kioo sauti ya mwimbaji inapanda inakuja mbele yako. Ila zina kazi ya kupitisha waya na kutafuta pa kuweka. Kama ndo mara yako ya kwanza chukua za twita katikati, hutajuta.

Saizi ni inchi 6 na nusu, ambazo dukani wanaziita sentimita 16. Shida inakuja hapa. Spika ya kiwandani ya Toyota imeunganishwa na fremu ndefu ya plastiki ambayo inaileta mbele karibu na kava la ndani la mlango, na inafungwa kwenye matundu yake yenyewe. Spika ya dukani haina hiyo fremu, sumaku yake inaingia ndani zaidi, na matundu hayakutani. Sasa fundi mwenye haraka anafanyaje, anakata plastiki, anatoboa bati la mlango kwa skrubu popote, spika inakaa upande, na ukishusha kioo kinagonga sumaku. Unachotakiwa ni ringi ya kukalishia spika kwenye bati, ya plastiki kama utaipata ya Toyota, au nenda kwa fundi seremala akukatie kwenye mbao ya MDF au plaiwudi unene wa kama sentimita 2, mpelekee spika ya zamani ikiwa sampuli ya matundu na mpya ikiwa sampuli ya duara la ndani. Ukikatiwa ya mbao ipake rangi ya mafuta au vanishi pande zote, hata mle kwenye tundu, kwasababu ndani ya mlango kunaingia maji, na MDF ikinywa maji inavimba kama mkate. Kabla hujafunga moja kwa moja shikilia spika kwa mkono mahali pake na ushushe kioo mpaka mwisho uone kinapita.

Kutoa kava sio kazi ya kuogopa. Kwenye Toyota nyingi za umri huo kuna skrubu moja nyuma ya kitasa cha ndani, nyingine kwenye shimo la kuvutia mlango ambayo imefunikwa na kiplastiki, baada ya hapo ni klipu za pembeni, anza chini uvute kwa nguvu ya wastani, zikishaachia unanyanyua kava juu litoke kwenye ukingo wa kioo. Usilivute ukakimbia nalo, nyuma kuna plagi ya swichi za vioo na nyaya za kitasa. Nunua klipu kadhaa za akiba, plastiki ya zamani iliyopikwa na jua inakatika. Na uifanye asubuhi au jioni kwenye kivuli.

Ukishatoa kava utaona nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi inayovutika. USIICHANE. Gari nyingi nazofungua hapa mjini nakuta fundi aliyepita kaichana kaacha inaning'inia, au kaitupa kabisa, na mwenye gari anashangaa vumbi linaingia wapi na kwanini masika kapeti inalowa. Maji yanaingia ndani ya mlango kupitia pembeni mwa kioo, hilo ni kawaida, yanatokea kwenye vitundu vya chini ya mlango, nailoni ndo inayazuia yasije upande wa kwako.

Na hapa ndo kuna jambo lenyewe nililotaka kukwambia. Spika inapopiga inasukuma hewa mbele na inasukuma hewa nyuma kwa wakati mmoja, na hizi mbili ni kinyume, zikikutana zinauana, hasa besi. Mlango ndo unatakiwa kuzitenganisha. Ngozi ya ngoma ya muheme ukiivua kwenye mzinga wake ukaipiga hewani haisemi kitu, na spika iliyofungwa kwenye mlango wenye matundu wazi ni hivyohivyo. Kwahiyo weka sponji nyembamba yenye gundi kati ya ringi na bati, na nyingine kati ya spika na ringi, pasiwe na upenyo hata wa kupitisha karatasi. Yale matundu makubwa ya bati la ndani yazibe kwa shiti za butili (raba laini inayonata) zenye foili ya aluminiamu juu, ambazo wauza vifaa wanaziita saundi pruufu. Vipande vingine bandika upande wa ndani wa lile bati la nje nyuma ya spika, sio lazima ujaze mlango mzima, hata robo ya eneo inatosha kuua mlio wa debe. Kwanza futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, bila hivyo hazitashika, na vumbi letu unalijua.

Tafadhali usikubali zile za lami, zile za kuzibia mapaa. Ni rahisi ndiyo, lakini bati la gari lililopaki juani Dodoma linachemka, lami inalainika, inateleza, inashuka mpaka chini inaziba vitundu vya maji, na gari inanuka kama barabara inayojengwa. Usijaze pia masponji ya godoro, yanakaa na maji mlango unaoza kwa ndani. Vitundu vya chini viache wazi siku zote.

Kazi hii ya mlango inakulipa kuliko spika yenyewe hasa sisi tunaokwenda barabara za vumbi, ukishika ile ya matuta kwenda mashamba ya zabibu Hombolo kila plastiki ya mlango inaongea. Kwahiyo nashauri gawa hela yako, theluthi mbili spika, theluthi moja ringi, shiti na sponji. Kama hela haitoshi shusha daraja la spika, usishushe kazi ya mlango.

Waya sitachukua muda. Zile za kiwandani zinatosha kwa nguvu ya redio, usidanganywe kuzibadilisha. Tafuta soketi ya kuunganishia usikate plagi ya gari, ukikosa basi unga kwa kuchomelea risasi na tepu nzuri. Chanya iende chanya. Kama hujui ipi ni ipi, chukua betri ndogo ya volti 1.5 gusisha kwenye spika kidogo tu, karatasi ikitoka nje basi upande wa chanya ya betri ndo chanya ya spika. Spika moja ikiwa kinyume na mwenzake besi inapotea na sauti ya mwimbaji huelewi inatoka wapi, na hakuna kitakachoungua kwahiyo unaweza kukaa nayo hivyo miaka. Ila kuna kosa linaloua redio kabisa, fundi kuchukua hasi ya spika akaifunga kwenye bodi ya gari. Redio hizi waya zote mbili za spika zina umeme, hasi yake sio ya bodi.

Ukimaliza, kabla ya kurudisha kava jaribu. Punguza besi zote za redio ziwe sifuri, kama redio yako ina sehemu ya kukata besi ya chini (HPF) weka 80Hz, spika za mlangoni zikiondolewa ile besi ya chini kabisa zinapumua na unaweza kuongeza sauti bila kukwaruza. Mimi najaribia na ilimba na zeze za marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose, mtoto wa hapahapa, kwasababu zile njiti za chuma za ilimba zinakuonesha twita kama ni safi au inachoma masikio, na ile sauti yake inapanda na kushuka sana, mlango ukiwa na kitu kinachotetemeka utakisikia tu. Kisha kwaya yenye sauti nyingi, usikie kama besi za wanaume zimetengana na za kina mama au zimekuwa uji.

Sabufa iache kwa sasa. Besi ya kutikisa kioo hutaipata mlangoni, huo ndo ukweli, lakini ukifanya nilivyosema utapata besi inayosikika na yenye mpangilio, na wengi nawajua waliishia hapo wakaridhika. Ukija kuitaka baadae itakuwa na amplifaya yake na waya yake kutoka kwenye betri yenye fyuzi karibu kabisa na betri, hiyo nayo ina maelezo yake.

Kununua, angalia kwanza mjini hapa, ukikosa agiza Kariakoo mzigo uje na basi uupokee stendi ya Nanenane. Ukiagiza omba picha ya nyuma ya spika sio boksi tu, uone ohmu na RMS zimeandikwa, na muuzaji akikwambia dB hajui mwombe akupigie picha karatasi ya maelezo ya ndani ya boksi. Ukishapata unazozitaka weka hapa kina cha sumaku na upana wa tundu, nikwambie ringi ya unene gani umpelekee seremala.