Mbegu zimeota, mzizi umegoma

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilitengeneza kitalu cha mahindi na maharage nyuma ya kibanda kilichowahi kuwa cha fundi betri za magari. Mbegu ziliota karibu zote, nikafurahi. Leo ni siku ya 12, miche imedumaa na majani yana umanjano. Nimeng'oa mmoja: mzizi mfupi kama kijiti cha kiberiti, tena wa kahawia. Jirani anasema udongo ungekuwa na sumu, mbegu zisingeota kabisa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Jirani yako amekosea, ila simcheki, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilipoanza kazi kwenye maabara ya mbegu nilipewa sahani za ngano iliyooteshwa juu ya karatasi mbichi. Nusu zilikuwa na maji matupu, nusu zilitiwa mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, kidogo mno, hata ubuluu wake hauonekani. Nikahesabu zilizoota, nikaandika "hakuna tofauti", nikafunga daftari. Mkuu wangu akalifungua, akaniwekea rula juu yake, akaenda zake. Basi nikapima. Kwenye maji matupu mizizi ilikuwa mirefu, imejaa vinyweleo vyeupe kama ukungu. Kwenye mrututu haikuzidi urefu wa punje. Ncha zimevimba, zina rangi ya chai ya rangi.

Mbegu huja na akiba yake ya chakula, na ganda lake huzuia sehemu ya sumu. Kuchomoza tu hakuhitaji mengi: maji yanaingia, chembe hai (seli) zilizokwishakuwemo zinavimba, ganda linapasuka. Baada ya hapo mzizi unalazimika kutengeneza chembe mpya, na kiwanda chake kiko kwenye ncha, milimita chache tu, bila ganda. Hapo ndipo metali kama risasi, shaba na kadimi hupiga. Chembe hazigawanyiki inavyotakiwa, na kuta zake hukakamaa kabla hazijarefuka, ndiyo maana mzizi unanenepa badala ya kwenda chini. Ncha ikifa, vijizizi vya pembeni hutoka vikiwa vimesongamana, unapata kitu kama mswaki uliochakaa. Vinyweleo vikipungua, maji na fosforasi haviingii vya kutosha. Huo umanjano unaouona juu huenda umeanzia huku chini.

Urefu wa mzizi ni kipimo cha siku nyingi. Mwaka 1957 mtafiti Wilkins aliutumia kupima jinsi nyasi zinavyostahimili risasi, na wewe unaweza kufanya vivyo hivyo kwa vikopo viwili. Kimoja tia udongo wa kitalu, kingine udongo wa mbali na kibanda unaofanana nao. Weka mbegu 10 za mfuko mmoja kila kimoja, na maji sawa. Siku ya sita zioshe taratibu, usizing'oe kwa nguvu, upime mzizi mrefu wa kila mche. Wa kitalu ukiwa nusu ya ule mwingine, una tatizo.

Tatizo gani, rula haisemi. Betri humwaga risasi na asidi pamoja, na asidi peke yake huyeyusha alumini iliyomo udongoni, ambayo nayo hudumaza ncha hivyo hivyo. Kwa hiyo peleka sampuli ikapimwe risasi na uchachu. Chokaa na mboji hushika sehemu kubwa ya risasi isinywewe na mizizi, lakini haviiondoi. Metali haiozi. Ningekuwa wewe ningehamisha kitalu leo, nisingoje majibu.

Miche iliyopo usiihamishie shambani. Najua inauma, umeimwagilia siku 12. Mche wenye vijizizi vyeupe juu ya ncha iliyoungua unaweza kupona kwenye udongo safi, ila mizizi yake tayari imebeba vumbi la pale, na mbegu nyingine si ghali kuliko wasiwasi huo. Risasi nyingi hubaki mizizini na kwenye udongo ulioganda kwenye mche, haipandi sana kufika kwenye punje. Kadimi ndiyo yenye tabia ya kupanda hadi majani. Kinachonitia hofu zaidi ni mikono yako. Ulipong'oa ule mche ulinawa kwa sabuni? Na watoto wanachezea hapo nyuma ya kibanda? Niandikie kuhusu hilo kwanza, vipimo vya rula vitafuata.