Michezo ya shufwa na witiri si lazima iwe NP-kamili

Umeuliza kama kujua nani atashinda katika michezo ya shufwa na witiri kwenye grafu (nodi zilizounganishwa kwa mishale), ile isiyo na mwisho, ni tatizo NP-kamili, yaani kati ya magumu kuliko yote ya NP: matatizo ambayo jibu la “ndiyo” huthibitishwa haraka ukipewa ushahidi. Karibu hakika siyo. Kila nodi ina namba na ni mali ya mmoja wa wachezaji wawili. Kete ikiwa kwenye nodi, mwenye nodi hiyo ndiye anayeisogeza kufuata mshale. Namba kubwa kabisa kati ya zinazojirudia bila kikomo huamua mshindi: ikiwa shufwa, hushinda mchezaji mmoja; ikiwa witiri, mwenzake.

Ufunguo ni kwamba mshindi hahitaji kumbukumbu. Katika kila nodi yake anachagua mshale mmoja na kubaki nao daima. Nipe mishale hiyo, nami nitafuta mingine yake yote na kukagua mizunguko iliyobaki: ukipatikana hata mmoja unaofikika ambao namba yake kubwa inampa mpinzani ushindi, mpango umevunjika. Ukaguzi huo ni wa haraka, na kwa mpinzani ni vivyo hivyo, kwa hiyo tatizo limo ndani ya NP na coNP (ambamo jibu la “hapana” ndilo huthibitishwa haraka) kwa pamoja. Lingekuwa NP-kamili, NP na coNP zingekuwa kitu kimoja, na wachache sana wanaamini hivyo.

Kuhusu kasi, mwaka 2017 Calude, Jain, Khoussainov, Li na Stephan walitoa aligoridhimu ya muda wa takriban n^(log d), n ikiwa idadi ya nodi na d idadi ya namba tofauti. Matokeo ya kupendeza mno! Aligoridhimu ya muda wa polinomia (n kwa kipeo kisichobadilika) bado haijapatikana.

Kama lengo la mchezaji ni kufikia nodi fulani tu, anzia kwenye shabaha urudi nyuma. Muda utalingana na idadi ya mishale.